Kuni za Pumba za Mpunga kutoka Igurusi: Moto Mzuri, Ugavi Wenye Pengo la Masika

Kuni za pumba ninazozitathmini hapa, yaani magogo ya pumba za mpunga zilizoshindiliwa, hutengenezwa na karakana ndogo iliyopo Igurusi, wilayani Mbarali, kando ya barabara kuu iendayo Mbeya. Katika jiko ninalolisimamia, la shule ya bweni yenye mamia ya wanafunzi, zimetumika kiangazi kizima na masika yote yaliyofuata. Karakana yenyewe sitaitaja, kwa sababu mengi nitakayoyasema yanahusu biashara nzima ya kugeuza mabaki ya shambani kuwa nishati, na si haki mtu mmoja abebeshwe mzigo wa wote. Hukumu yangu naitoa mapema. Kama nishati ya kupikia, kuni hizi ni nzuri na ninazipendekeza. Kama huduma ambayo jiko kubwa linaweza kuitegemea mwaka mzima, bado hazijafikia hapo, na kasoro haimo ndani ya kuni zenyewe. Imo katika njia ambayo pumba hupitia tangu zinapotoka kwenye mashine ya kukoboa hadi zinapoingia stoo kwetu.

Suala hili linawagusa watu wengi zaidi ya shule yetu. Serikali ya Tanzania imeziagiza taasisi zinazopikia zaidi ya watu 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa wa miti, na mwezi Mei 2024 ulizinduliwa Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaokusudia kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo. Tangu hapo wakuu wa shule, vyuo na magereza wamekuwa wakipokea wauzaji wa kila aina: wa gesi, wa makaa ya mawe yaliyoshindiliwa kama yale ya Rafiki yanayotengenezwa na STAMICO, Shirika la Madini la Taifa, na wa nishati mbadala zitokanazo na mabaki ya kilimo. Wauzaji hao wengi huonyesha moto. Huwasha jiko uwanjani, hupika chai, na kila mtu hupiga makofi. Ni wachache wanaoulizwa malighafi yao hutoka wapi mwezi wa Machi, na mimi naona hilo ndilo lilipaswa kuwa swali la kwanza.

Nianze na bidhaa yenyewe. Kila kuni ni gogo la mviringo lenye rangi ya kahawia iliyokolea, lenye tundu linalopita katikati kutoka ncha hadi ncha, na uso wake umeungua kidogo hata ukang'aa. Ni nzito kuliko inavyoonekana, na ukiivunja inakatika kwa sauti kavu. Haina gundi, haina udongo wala unga wa muhogo. Pumba hukaushwa hadi unyevu ubaki kama asilimia 10, kisha parafujo ya chuma huzisukuma kwa nguvu kubwa ndani ya kalibu iliyopashwa moto wa karibu nyuzi 300 za Selsiasi. Katika joto hilo lignini, kiungo cha asili kinachoshikilia nyuzi za mimea, hulainika na kuzigandisha pumba pamoja, na zinapopoa haziachani tena. Tundu la katikati huachwa na ncha ya parafujo, nalo lina faida yake jikoni, kwa maana hewa hupita humo na kuni huwaka ndani na nje kwa wakati mmoja.

Kuziwasha kunahitaji subira. Wapishi wetu huanza na vijiti au magunzi machache, kisha huegemeza kuni mbili au tatu juu yake, na moshi hutoka katika dakika za mwanzo kabla moto haujashika. Ukishashika, hutulia kwa namna ambayo kuni za miti hazikutupatia: mwali ni wa kadiri, haurukiruki, na sufuria kubwa la maharage huendelea kuchemka bila mtu kusimama mlangoni mwa jiko akichochea. Wapishi wamelisifu hilo kuliko jambo lingine lolote, na maneno yao nayaamini kuliko karatasi ya muuzaji. Kwa ugali, unaotaka moto mkali wa muda mfupi mwanzoni, huongeza kuni moja na kufungua mlango wa hewa.

Kwa hesabu ya nishati, kilo moja ya pumba kavu hutoa megajuli (kipimo cha nishati) 13 hadi 15, na kuni za miti zilizokauka vizuri hutoa kiasi cha 15 au 16, kwa hiyo kwa kilo pumba ziko chini kidogo. Hata hivyo, kuni zinazofika kwenye mageti ya shule si kavu. Nyingi hukatwa wiki hiyo hiyo na karibu nusu ya uzito wake ni maji, ambayo mnunuzi huyalipia kwanza kama kuni, kisha huyalipia tena kwa kutumia moto kuyakausha. Gogo bichi la namna hiyo hutoa kama megajuli 8 tu kwa kilo. Anayelinganisha bei ya kuni za pumba na bei ya lori la kuni bila kupima unyevu analinganisha vitu viwili visivyolingana, na nimeshuhudia kamati zikizikataa kuni za pumba kwa hesabu kama hiyo.

Kasoro ya bidhaa ni majivu. Pumba za mpunga zina majivu kama sehemu moja ya tano ya uzito wake, kiasi ambacho kuni za miti hazikikaribii hata kidogo, na sehemu kubwa ya majivu hayo ni silika, madini yale yale yaliyomo kwenye mchanga. Jiko ambalo chujio lake la chini ni finyu litazibwa kabla chakula cha mchana hakijaiva. Ilitubidi kubadilisha nondo za chini ziwe na nafasi pana zaidi na kupanga zamu ya kukokota majivu kila baada ya mlo. Mwenye jiko sanifu la kisasa lililotengenezwa kwa ajili ya kuni za kawaida na amwite fundi alipime kabla hajanunua tani ya kwanza. Silika hiyo hiyo huila parafujo ya mashine kiwandani: baada ya saa chache za kazi makali yake husagika, na lazima fundi wa kuchomelea aijaze upya kwa chuma kigumu. Gharama ya kuchomelea imo ndani ya bei ya kila gogo, na karakana isiyokuwa na fundi wake yenyewe husimama mara kwa mara. Hii ya Igurusi inaye fundi, na ina parafujo za akiba zilizopangwa ukutani; nililiona hilo nikatambua kwamba wanaijua kazi yao.

Sasa niingie katika ugavi, ambamo ndimo ubora na udhaifu wa huduma hii vilipo. Mpunga ukikobolewa, takriban asilimia 20 ya uzito wake huwa pumba, kwa hiyo mashine inayokoboa tani 10 kwa siku hubakiwa na tani 2. Tatizo la pumba ni ukubwa wake: mita moja ya ujazo hubeba kama kilo 100 tu, ambapo zikishindiliwa mita hiyo hiyo huwa na zaidi ya tani moja. Fuso inayoweza kubeba tani 7 ikijazwa pumba hadi juu ya bodi huondoka na tani mbili na nusu au tatu, na dereva hukutoza safari nzima. Ndiyo maana mpangilio wowote unaoweka kiwanda cha kushindilia mjini, karibu na wateja, na kusafirisha pumba kutoka mashambani, hufa mapema. Karakana hii imejengwa mahali ambapo mashine za kukoboa zimejipanga kando ya barabara. Pumba husafirishwa kwa guta mwendo mfupi sana, na kinachopanda lori kwenda Mbeya tayari kimeshindiliwa. Uamuzi huo mmoja wa mahali pa kujenga una thamani kuliko ukubwa wa mashine.

Hebu tulipime hilo kwa dizeli. Tani 7 za kuni za pumba zina nishati ya karibu gigajuli 98 (gigajuli moja ni megajuli 1,000). Kutoka Igurusi hadi Mbeya na kurudi, mwendo wa takriban kilomita 120, lori la wastani hutumia lita zipatazo 36, yaani gigajuli 1.3, ambazo ni kama asilimia 1.3 ya nishati iliyobebwa. Lori lile lile likiwa na pumba zisizoshindiliwa hutumia asilimia 3 hadi 4. Na kuni hizo hizo zikipelekwa Dar es Salaam, kilomita zaidi ya 750 kwa safari moja, dizeli ya kwenda na kurudi hula kiasi cha sehemu moja ya sita ya nishati yote, bila kuhesabu umeme wa kushindilia. Mtu anayeishi Kinondoni akiniuliza kama aagize kuni za Igurusi, nitamjibu hapana, na nitamwelekeza atafute mabaki yaliyo karibu naye, kwa sababu nishati ya mabaki ya kilimo ni bidhaa ya jirani.

Ukaribu peke yake, lakini, haumhakikishii mtu malighafi. Zamani wenye mashine walifurahi kuondolewa pumba. Lundo likizidi lilichomwa moto pale pale, likafuka moshi siku nyingi. Leo wateja wa pumba ni wengi. Wachoma matofali huzitumia kwenye tanuri zao, wafugaji wa kuku huzitandika mabandani, na pumba laini zilizochanganyika na chenga huchukuliwa na wenye kutengeneza chakula cha mifugo. Pia mashine hazifanani: zile za mipira hutoa pumba safi zilizo nzimanzima, na zile za zamani za chuma huzisaga pamoja na pumba laini zenye mafuta, mchanganyiko usioshika vizuri kwenye kalibu. Karakana inahitaji pumba za aina ya kwanza, lakini hununua kwa maneno ya mdomo, siku kwa siku, na mchoma matofali akifika na fedha taslimu asubuhi, pumba zimekwenda. Hakuna mkataba, na mwenye mashine hana sababu ya kukuwekea kitu usichomlipia.

Pengo kubwa hutokea masika. Katika bonde la Usangu mpunga huvunwa kuanzia Aprili na Mei, na mashine huunguruma katika miezi ya kiangazi. Kufikia Februari na Machi mpunga uliobaki maghalani ni mchache, mashine hufunguliwa kwa saa chache, mvua hunyesha, na pumba zilizolundikwa nje hulowa. Kalenda ya shule inakwenda kinyume kabisa: mwaka huanza Januari, mabweni hujaa, na jiko letu hula kuni nyingi katika miezi ile ile ambayo Igurusi haina pumba. Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Kiangazi magogo yalifika kwa wakati, makavu, yakiwa yamehesabiwa kwa uaminifu. Wakati wa masika magogo yalichelewa, na mzigo mmoja ulifika umelowa kwa kuwa turubai la lori lilikuwa limechanika. Kuni za pumba zikipata maji huvimba na kurudi kuwa pumba, na haziponyeki kwa kuanikwa. Msimamizi wa karakana alikubali kuubadilisha mzigo bila mabishano, jambo ninalomshukuru, lakini kuni za kufidia mzigo huo hazikupatikana hadi wiki kadhaa baadaye, na jiko likarudi kwenye kuni za miti zilizokuwa zimepigwa marufuku.

Ninalisisitiza hili kwa sababu dawa yake ipo na si ghali. Jiko linalotumia tani moja kwa wiki linahitaji tani 16 kuvuka majuma 16 magumu. Zikiwa pumba, tani hizo zingehitaji zaidi ya mita za ujazo 150, ukubwa wa ukumbi. Zikiwa zimeshindiliwa na kupangwa vizuri juu ya paleti, huingia katika chumba kimoja cha stoo chenye paa lisilovuja. Kwa hiyo akiba inayopaswa kuwekwa ni ya kuni, si ya pumba, na inapaswa kutengenezwa Julai hadi Oktoba, wakati malighafi ni nyingi, umande ni mdogo na jua linakausha bure. Kinachokosekana ni fedha za kuvuka muda huo: karakana hulipa vibarua na umeme mwezi Agosti kwa gogo litakalouzwa Machi, nasi wanunuzi hatuna fedha Agosti kwa kuwa ada nyingi huingia Januari. Wakulima wa korosho wanaufahamu mfumo wa stakabadhi ghalani, ambamo zao lililopimwa na kuhifadhiwa huweza kumwombea mwenye mali mkopo. Sioni kwa nini tani 100 za kuni za pumba, zilizopimwa uzito na unyevu na kufungiwa katika ghala linaloaminika, zisiweze kufanya kazi hiyo hiyo. Hadi hilo litokee, shule tatu au nne zikiungana na kulipa malipo ya awali Agosti zitaipa karakana nguvu ambayo mashine mpya haiwezi kuipa.

Njia nyingine ni kuchanganya mabaki. Nyanda za Juu Kusini hazina upungufu wa mabaki: magunzi ya mahindi yapo kila kijiji, makapi ya kahawa hutoka Mbozi, na maranda ya misonobari hutoka kwenye mashine za mbao za Mafinga. Yote matatu yana majivu machache kuliko pumba za mpunga, na gogo la pumba na maranda nililojaribu liliwaka safi zaidi. Lakini kila aina ina msimu, umbali na wanunuzi wake, na magunzi yanahitaji kinu cha kuyasaga kwanza. Wanaokwenda mbele zaidi na kutaka kukusanya pia mabua ya mpunga mashambani ningewasihi wajizuie. Mabua ni chakula cha ng'ombe wakati wa kiangazi na ni rutuba ya shamba la mwaka ujao. Pumba tayari zimekwisha kutoka shambani pamoja na mpunga, na hapo ndipo tofauti ilipo.

Afrika Mashariki imekwisha kupata mafunzo ya aina hii kwa kiwango kikubwa. Nchini Kenya, kiwanda cha sukari cha Mumias kilianza mwaka 2009 kuuza kwenye gridi megawati 26 za umeme wa bagasi, yaani makapi ya miwa. Miwa ilipoadimika, umeme nao ulikoma, na kiwanda kikawekwa chini ya meneja mrasimu, yaani msimamizi aliyeteuliwa kwa niaba ya wadai, mwaka 2019. Mitambo haikuwa na kosa. Boila haliwezi kuchemka kwa mkataba wa umeme peke yake. Kakira, nchini Uganda, karibu na Jinja, mitambo ya takriban megawati 50 hulishwa na bagasi ya kiwanda kile kile, kutokana na mashamba yake na ya wakulima wa nje. Na Hale, mkoani Tanga, ulijengwa mtambo wa biogesi wa kutumia mabaki ya mkonge, zao ambalo singa (nyuzi) zake ni kama asilimia 4 tu ya jani na mengine yote hutoka kwenye korona, mashine ya kuchakata majani, kama tope. Mkonge hukatwa mwaka mzima na tope hutokea mlangoni pa mtambo, kwa hiyo matatizo mawili yanayoitesa Igurusi, umbali na msimu, kule yametatuliwa na zao lenyewe. Mwenye pumba hana bahati hiyo, lazima apange.

Kuna watu ambao wauzaji hawawataji. Akina mama wengi wanaoishi karibu na mashine za kukoboa wamekuwa wakichukua pumba bure na kupikia kwenye majiko ya pumba yaliyoshindiliwa kwa mkono. Lundo likipata bei, wao ndio wa kwanza kufukuzwa. Niliuliza Igurusi, nikaelezwa kwamba wenye mashine bado huwaachia wachukue ndoo na viroba, ila si kwa utaratibu wowote. Ningependa fungu lao liandikwe kwenye mkataba wa ununuzi, kwa sababu hisani hupungua kadiri bei inavyopanda. Vilevile vumbi. Ndani ya chumba cha mashine vumbi la pumba hutanda hewani, lina silika, na wafanyakazi wengine nilikuta wamejifunga kitambaa tu. Barakoa za kufaa na feni ya kunyonya vumbi ni gharama ambazo ningekubali ziongezwe kwenye bei yangu.

Majivu nayo yanastahili kurudi yalikotoka. Lori linaloshusha mzigo kwetu hurudi Mbarali tupu, na majivu yetu hujaza viroba kila wiki. Yana silika na potasiamu, na wakulima wa mpunga huyatumia kwenye vitalu vya miche. Tulimwomba dereva ayachukue. Alikubali alipoona kwamba hatachelewa, na sasa huyapeleka kwa wakulima waliokubaliana na karakana.

Kwa atakayenunua, anunue kwa kilo kwenye mizani, si kwa kiroba, maana magogo yaliyovunjika huacha nafasi kubwa. Alivunje gogo moja kutoka katikati ya mzigo aone kama ndani ni kavu, akague turubai kabla lori halijaondoka, na apange kuni juu ya paleti, mbali na ukuta. Kwa majiko ya Mbeya, Chimala, Rujewa na Makambako, kuni za Igurusi ninazipendekeza bila kusita kuanzia Juni hadi Desemba. Kwa miezi ya Januari hadi Mei ninazipendekeza kwa yule tu atakayezinunua kabla na kuziweka stoo kwake. Oda yetu ijayo tumeiandika hivyo: nusu ya malipo itolewe mwezi Agosti, mzigo wote uwe umefika kabla ya mwisho wa Novemba, na karakana itutajie kwa maandishi mashine ambazo pumba zake zimenunuliwa kwa mkataba.